Dawa ya kiungulia inayotokana na mwani, na mgonjwa wa thairoidi

*Swali:* "Nina miaka 58. Tezi yangu ya thairoidi haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo nameza levothairoksini kila asubuhi. Presha pia ninayo. Miezi miwili iliyopita nilipewa dawa ya maji ya kiungulia, nzito na nyeupe, ya kunywa ml 20 kila baada ya chakula na kabla ya kulala. Juzi binti yangu alisoma chupa akakuta 'aljineti ya sodiamu', akaniambia inatokana na mwani. Nilishtuka, maana niliwahi kukatazwa vidonge vya mwani, kwamba vina madini joto mengi yatakayovuruga tezi. Isitoshe nina mzio wa kamba wa baharini. Tukasoma na kopo la vidonge vyangu vya vitamini D: ganda lake lina karajinani, nayo ni ya mwani, na mtandaoni wanasema inaleta saratani ya utumbo. Nimeacha vyote viwili, na kiungulia kimerudi usiku. Je, nibadilishe dawa? Vidonge nitafute vyenye ganda la jelatini?"

*Jibu:*

Shikamoo mama, na pole kwa hizo siku za kulala umekaa.

Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mwani uliomo kwenye dawa zako hauwezi kuvuruga tezi yako. Hauhusiani na mzio wako wa kamba. Ganda la vitamini D nalo silo la kukupa saratani. Hayo matatu yaliyokunyima usingizi unaweza kuyatua. Ila chupa hiyo usianze tena kuinywa kama ulivyokuwa ukiinywa, kwa sababu ndani yake kuna vitu viwili vinavyokugusa wewe hasa, na hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye mwani. Ni sodiamu na kalsiamu. Aliyekuambia uogope mwani alikutisha na kitu kisichokuhusu, na hakukutajia kinachokuhusu.

Kwanza tutenganishe mwani na kinachotolewa kwenye mwani. Ulipokatazwa vidonge vya mwani ulikatazwa kwa haki. Vile ni mwani wenyewe, umekaushwa, ukasagwa, ukashindiliwa kuwa kidonge pamoja na kila kilichokuwemo. Baadhi ya mwani wa kahawia hufyonza madini joto kutoka baharini kwa kiasi cha ajabu: gramu moja ya mwani mkavu wa jamii ya Laminaria inaweza kubeba zaidi ya mara kumi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku, ambayo ni mikrogramu 150 tu. Kwa mtu mwenye tezi kama yako, mzigo wa namna hiyo kila siku unaweza kuiyumbisha vibaya. Na kwa kuwa kiasi hicho hubadilika sana kati ya mwani na mwani, hata anayekupa vidonge hivyo hajui hasa anakupa nini. Katazo hilo liendelee kulishika.

Aljineti ni habari nyingine. Ni aina ya sukari ndefu inayojenga kuta za seli za mwani wa kahawia, ile inayoufanya mwani upinde na wimbi bila kukatika. Mkemia wa Kiingereza Edward Stanford ndiye aliyeitenga mara ya kwanza, mwaka 1881. Kuipata, mwani huloweshwa kwenye asidi hafifu, ukapikwa na kaboneti ya sodiamu hadi aljineti iyeyuke, maji yake yakachujwa, kisha aljineti ikagandishwa, ikaoshwa na kukaushwa. Madini joto kwenye mwani yamo kwa sehemu kubwa kama chumvi zinazoyeyuka majini, kwa hiyo huondoka na maji ya kuoshea. Kinachobaki ni unga wa rangi ya maziwa usio na ladha ya kuzungumzia. Unga unaoingia kwenye dawa hupimwa usafi wake, pamoja na metali nzito kama risasi na arseniki, kwa viwango vilivyoandikwa kwenye vitabu rasmi vya dawa. Kwa hiyo swali la madini joto kwenye dawa yako ya kiungulia limekwisha hapo.

Sasa nikueleze dawa yenyewe inafanya nini tumboni, kwa sababu ukishaielewa utajua pia kwa nini inanywewa kwa namna inavyonywewa.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alijaza bika, gilasi ya maabara, maji yenye asidi ya haidrokloriki kidogo, yakiwa na uvuguvugu wa mwili wa binadamu, akasema hilo ndilo tumbo. Akamimina humo kijiko cha dawa kama yako. Kwa sekunde chache yakaonekana mawingu meupe tu yakishuka. Halafu vikaanza kutokea vipovu, mawingu yakajikusanya, yakapanda, na kabla hatujamaliza kuandika kwenye madaftari palikuwa na tabaka nene la jeli lililojaa mapovu, likielea juu ya asidi kama povu juu ya chai ya maziwa. Akalisukuma kwa kijiti, likainama, likarudi mahali pake. Nilikuwa nimesoma maelezo hayo kitabuni mara kadhaa, lakini siku ile ndipo nilipoelewa.

Kilichotokea ni hiki. Aljineti ni minyororo mirefu. Ikiwa na sodiamu, minyororo huelea majini kila mmoja kivyake na dawa inabaki ya kumiminika. Ikikutana na asidi ya tumbo, minyororo inapoteza sodiamu yake, inanyauka na kushikana kuwa jeli. Kalsiamu iliyomo kwenye dawa inakuja kukaza fundo: chembe za kalsiamu hukaa katikati ya minyororo miwili, kama mayai yalivyokaa kwenye trei. Mfano huo wa trei la mayai si wangu, wanasayansi wenyewe waliutumia tangu mwaka 1973. Wakati huohuo baikaboneti ya sodiamu inatoa gesi ndani ya asidi, gesi inanaswa na jeli, na jeli inaelea. Chakula na asidi vikitaka kupanda kwenye umio, vinakuta kifuniko. Na hata kitu kikipanda, kinachotangulia kufika ni jeli isiyounguza.

Ndiyo maana inanywewa baada ya chakula. Tumbo lenye chakula linakishikilia kifuniko hicho kwa saa kadhaa, hadi nne hivi. Tumbo tupu linakitupa utumboni mapema, na umetumia dawa bure. Ndiyo maana pia hushauriwi kunywa bilauri ya maji juu yake.

Baada ya hapo jeli inashuka na njia yake. Mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuikata aljineti, kwa hiyo haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana. Inapita, bakteria wa utumbo mpana wanaichezea kidogo, na iliyobaki inatoka. (Mwaka 2010 watafiti walionyesha kwamba bakteria wa matumboni mwa baadhi ya Wajapani wamebeba jeni za kukata sukari fulani ya mwani mwekundu, jeni zilizotoka kwa bakteria wa baharini. Hiyo haibadilishi chochote kwenye matibabu yako, lakini kila nikiikumbuka nastaajabu jinsi mlo unavyoweza kuingia hadi kwenye viumbe tunaoishi nao.)

Tuje kwenye sodiamu, ambayo ndiyo hoja yangu ya kwanza kwako mwenye presha.

Dawa za namna hii hazilingani, lakini mchanganyiko mmoja unaotumika sana una, katika kila ml 10, mg 500 za aljineti ya sodiamu, mg 267 za baikaboneti ya sodiamu na mg 160 za kaboneti ya kalsiamu. Ukikusanya sodiamu yote unapata kama mg 140 kwa kila ml 10. Wewe unakunywa ml 20 mara nne, yaani ml 80 kwa siku. Ikiwa chupa yako ni ya mchanganyiko huo, unakunywa zaidi ya mg 1,100 za sodiamu kila siku kutoka kwenye dawa peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke mg 2,000 kwa siku, chakula chote kikiwemo. Umeshatumia zaidi ya nusu kabla hujagusa sahani.

Hili halisemwi vya kutosha kwenye madirisha ya dawa, na linaniuma. Niliwahi kumhudumia mzee mmoja mwenye tatizo la moyo ambaye alikuja amevaa kandambili kwa sababu viatu vilikuwa havimwingii tena, miguu imevimba. Nyumbani walikuwa wamemwondolea chumvi kwenye chakula kwa miezi, kwa uaminifu kabisa. Chupa ya kiungulia alikuwa akiimaliza kwa siku chache, anakunywa kwa kugida bila kupima, na hakuna aliyekuwa ameihesabu, kwa sababu haina ladha ya chumvi. Ladha yake ni mnanaa. Nilimrudisha kwa daktari wake siku ileile.

Simaanishi kwamba wewe uko hatarini kama yeye. Namaanisha kwamba mwenye presha, mwenye moyo dhaifu au mwenye figo zisizochuja vizuri lazima aisome namba ya sodiamu kwenye karatasi ya maelezo, aizidishe kwa dozi zake za siku, na amwonyeshe daktari. Zipo dawa za aljineti zenye sodiamu kidogo zaidi. Baadhi yake zina potasiamu badala yake, na hiyo nayo ina wenyewe wasiotakiwa kuitumia: wenye ugonjwa wa figo, na wanaotumia baadhi ya dawa za presha zinazopandisha potasiamu. Kwa hiyo usibadilishe kwa kubahatisha.

Hoja ya pili ni kalsiamu, na hapa ndipo tezi yako inapoingia kwa mlango ambao hukuutazamia. Kaboneti ya kalsiamu ikikutana na levothairoksini tumboni, inaishika. Levothairoksini iliyoshikwa hainyonywi vizuri, inapita na kutoka. Mgonjwa anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, lakini mwili unapata pungufu. Miezi inapita, uchovu unarudi, baridi inamkamata, nywele zinakatika, kipimo cha TSH (homoni ya ubongoni inayoihimiza tezi ifanye kazi) kinapanda, na dozi inaongezwa bila mtu kuuliza anameza na nini. Ushauri wa kawaida ni kuacha saa nne kati ya levothairoksini na kitu chochote chenye kalsiamu. Chuma nacho ni hivyohivyo, na dawa za kutuliza asidi zenye aluminiamu au magnesiamu pia.

Tazama ratiba yako ilivyokuwa. Levothairoksini alfajiri, kifungua kinywa kama saa moja baadaye, kisha dawa ya kiungulia palepale. Hapo huenda zilikuwa zimepishana kwa saa moja na nusu tu. Kwa hiyo binti yako alikuwa na haki ya kushuku kwamba chupa ile na tezi havielewani, ila aliyekuwa akigombana naye hakuwa mwani.

Kuhusu kamba nitakuwa mfupi. Mzio wako hautokani na bahari. Unatokana na protini fulani iliyomo kwenye misuli ya kamba, kaa na jamaa zao, mara nyingi ile iitwayo tropomiosini. Kamba ni mnyama, mwani si mnyama, na aljineti na karajinani ni sukari ndefu zilizosafishwa. Hazina hiyo protini. Na madini joto hayasababishi mzio wa kamba, ingawa wengi huamini hivyo. Hii haina maana kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kudhurika. Mwaka 1995 madaktari waliripoti mgonjwa aliyepata mzio mkali wakati wa kipimo cha utumbo kinachotumia bariamu, na vipimo vikaonyesha kwamba kilichomdhuru ni karajinani iliyokuwa kwenye ile dawa ya kipimo. Ni nadra sana, lakini kanuni ya dawa yoyote ibaki palepale: ukitoka vipele, midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana, acha na ukimbilie hospitali. Wewe umezitumia miezi miwili bila lolote la namna hiyo, na hiyo yenyewe ni habari njema.

Sasa karajinani, inayoandikwa pia E407. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu uvumi wake una mizizi ya kweli na ndiyo maana haufi.

Karajinani hutolewa kwenye mwani mwekundu, unaolimwa hasa Indonesia na Ufilipino, na Zanzibar pia. Ziko aina tatu zinazotumika zaidi. Kapa huganda kwa ukaidi ikipata potasiamu, jeli yake ni ngumu na hukatika. Ayota hupenda kalsiamu, jeli yake ni laini, inavutika, na ukiivuruga inajirudi. Lamda haigandi kabisa, inaongeza unene tu. Watengenezaji wa dawa huchagua kwa kazi. Kwenye ganda laini la kidonge lisilo na jelatini, kama huenda lako lilivyo, mara nyingi ni ayota iliyochanganywa na wanga. Kwenye dawa za maji za kutikisa, sukari hizi za mwani hufanya kazi ambayo wengi hudhani ni urembo. Dawa nyingi haziyeyuki majini, ni unga unaoelea. Bila kitu cha kuushikilia, unga ungelala chini ya chupa, kijiko cha kwanza kingekuwa maji matamu na cha mwisho kingekuwa dozi ya siku tatu. Mnato mzuri hukaza chupa ikitulia na kulegea ikitikiswa, na ndiyo sababu tunasema kila siku: tikisa kabla ya kunywa.

Chimbuko la kwanza la hofu ni maabara. Mwaka 1962 watafiti walieleza njia ya kupima dawa za kupunguza uvimbe: wanampa panya dawa, kisha wanadunga myeyuko kidogo wa karajinani chini ya ngozi ya unyayo wake. Unyayo unavimba kwa muda wa saa chache, nao wanaangalia dawa imepunguza uvimbe kiasi gani. Njia hiyo imetumika kwenye maabara nyingi duniani tangu hapo, kwa hiyo ukiandika "karajinani" na "uvimbe" kwenye mtandao utapata makala bila idadi. Ni makala za kweli. Lakini kudungwa chini ya ngozi na kumeza ni vitu viwili tofauti. Vitu vingi tunavyokula kila siku vingewasha vikali kama vingedungwa mahali hapo.

Chimbuko la pili ni jina. Karajinani ikichemshwa kwenye asidi kali sana, kwa joto la zaidi ya nyuzi 80 za selisiasi na kwa saa kadhaa, minyororo yake hukatika vipande vifupi mno, na kitu kinachopatikana huitwa poligeenani. Zamani kiliitwa "karajinani iliyovunjwa". Hicho ndicho kilichowapa wanyama wa maabara vidonda na vivimbe vya utumbo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, limekiweka kwenye kundi 2B, yaani huenda kinasababisha saratani kwa binadamu. Karajinani ya kawaida liliiweka kundi la 3, ambako huwekwa vitu ambavyo ushahidi hautoshi kuvihukumu. Majina yanafanana, watu wakachanganya, na hukumu ya kitu kimoja ikabandikwa kwa kingine.

Utaniuliza, na tumbo langu si lina asidi kali? Linayo. Lakini lina nyuzi 37, si 80, na ganda la kidonge halikai humo siku nzima. Hayo si mazingira ya kutengeneza poligeenani.

Hata hivyo nisikufanye uamini kwamba wataalamu wote wamefunga jalada. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliipitia upya karajinani mwaka 2018 ikaweka kiwango cha muda cha mg 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, huku ikidai takwimu zaidi. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mg 4,500. Ganda zima la kidonge laini kwa kawaida halifiki gramu moja, na karajinani ni sehemu tu ya ganda hilo. Upande wa pili, mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mdogo wa watu 12 wenye ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao ulikuwa umetulia. Kati ya 5 waliopewa karajinani, 3 ugonjwa uliwarudia. Kati ya 7 waliopewa vidonge visivyo nayo, hakuna. Watu 12 ni wachache mno kujenga hukumu, lakini mgonjwa wa aina hiyo akiniambia angependa kuikwepa, namsaidia kutafuta mbadala bila kubishana naye. Wewe hujataja ugonjwa huo. Kwako sioni sababu ya kuacha.

Jelatini je? Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi ng'ombe au nguruwe. Wanaoikwepa kwa dini au kwa mlo ndio hasa waliosababisha maganda ya mwani yatafutwe. Kwa upande wa usalama, kwako hakuna kinachomzidi mwenzake. Ukitaka cha jelatini, chukua. Ukitaka kubaki na hicho ulicho nacho, baki. Mimi ningebaki, kwa sababu vitamini D umeshaizoea na kopo limeshanunuliwa.

Basi ufanye nini? Kidonge cha vitamini D kirudishe leo, ukimeze na chakula cha mchana. Dawa ya kiungulia, mpigie aliyekuandikia au zungumza na mfamasia wako kabla ya kuirudia, umpendekezee hivi: dozi ya asubuhi iondoke kabisa. Levothairoksini saa 12 asubuhi kwa maji matupu, kifungua kinywa kama saa moja baadaye, bila dawa ya kiungulia. Dozi ya kwanza iwe baada ya chakula cha mchana, ya pili baada ya chakula cha jioni, ya tatu wakati wa kulala, na kila dozi iwe ml 10 zilizopimwa kwa kikombe cha dawa, si kugida. Kwa mpango huo levothairoksini inapata nafasi ya kutosha pande zote mbili, na sodiamu ya dawa inashuka hadi kama mg 420 kwa siku kwa mchanganyiko niliouhesabu. Kiungulia chako kinakusumbua usiku, kwa hiyo dozi za jioni ndizo unazozihitaji zaidi. Inua kichwa cha kitanda kwa kuweka matofali chini ya miguu yake (mito miwili inakunja tumbo na kuongeza tatizo), na uache saa tatu kati ya chakula cha jioni na kulala.

Njia nyingine ni dawa za kupunguza asidi yenyewe, kama omeprazoli. Hizo hazina mzigo huo wa sodiamu, na kwa kiungulia cha kila usiku mara nyingi zina nguvu kuliko aljineti. Lakini nazo si za bure kwako: asidi ya tumbo husaidia kukiyeyusha kidonge cha levothairoksini, kwa hiyo ikipungua, dozi yako ya tezi inaweza kuwa haitoshi tena. Ukibadilishiwa, kipimo cha TSH kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane. Kirudiwe vilevile hata ukibaki na aljineti kwa ratiba mpya, kwa sababu kama kalsiamu ilikuwa ikikuibia dawa, sasa utaanza kuipata yote, na dozi iliyokutosha juzi inaweza kukuzidi. Moyo kwenda mbio, kutetemeka mikono, jasho na kukosa usingizi ni dalili za kwamba imezidi. Usisubiri wiki sita ukiziona.

Na kuna jambo ningelisema hata kama usingetaja mwani kabisa. Kiungulia kilichoanza karibuni kwa mtu aliyevuka miaka 55, na ambacho kinarudi mara tu dawa inapoachwa, kinastahili kuangaliwa na daktari ana kwa ana, na pengine umio na tumbo kutazamwa kwa kamera. Nenda mapema zaidi ikiwa chakula kinakwama unapomeza, uzito unashuka bila sababu, au umeambiwa damu imepungua. Ukitapika damu au vitu kama mashapo ya kahawa, au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda siku hiyohiyo. Na ikiwa kinachoitwa kiungulia kinakuja na mbano wa kifua unaoelekea begani, mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au kukosa pumzi, usinywe dawa yoyote ya tumbo ukisubiri itulize. Huo unaweza kuwa moyo, na mwenye presha haruhusiwi kuubahatisha. Nenda chumba cha dharura wakati huohuo.

Siku ya kwenda kliniki, tia kwenye mfuko mmoja chupa ya kiungulia, levothairoksini, vitamini D na dawa zako za presha, na uandike saa unayomeza kila moja. Mwombe daktari mambo mawili kwa jina: kipimo cha TSH, na presha ipimwe ukiwa umekaa umetulia kwa dakika tano.